Kasuku Aliyejinyonyoa Manyoya

Ndugu msomaji, ukiifuata njia ya mawe ipandayo mlimani Mabatini, hapa Mwanza, utafika kwenye ua mmoja wenye mpera mkubwa. Chini ya mpera huo limetundikwa tundu la waya, na ndani ya tundu hukaa ndege mmoja tu. Ni ndege mdogo, ambaye tangu mdomo hadi ncha ya mkia hafikii shibiri moja ya mtu mzima. Mwili wake ni wa kijani, mdomo mwekundu, uso wa rangi ya chungwa bivu, na macho yamezungukwa na duara jeupe kana kwamba amevaa miwani. Kifua cha ndege wa aina yake huwa cha manjano ya dhahabu. Mara ya kwanza nilipomwona huyu, kifua chake hakikuwa na unyoya hata mmoja. Kilikuwa ngozi tupu yenye vidonda, mfano wa kuku aliyekwisha kuchovywa katika maji ya moto.

Mwenye ndege ni mzee aliyestaafu kazi ya reli, naye hakupenda jina lake litajwe gazetini. Nilimwamkia, akaniitikia na kunivutia kigoda. Nikamwuliza ndege ana ugonjwa gani.

"Ugonjwa hana, mwanangu," akanijibu. "Daktari wa mifugo amemtazama, hakuona chawa wala homa. Anajinyonyoa mwenyewe. Amechoka kukaa."

Amechoka kukaa! Nilirudi ofisini na maneno hayo, na kwa muda wa majuma kadhaa nikawa napanda tena mlima ule kila nilipopata nafasi, ili nijue kama kiumbe aweza kuponywa uchovu wa namna hiyo kwa vitu vinavyookotwa jikoni na uani. Nayaandika haya kwa ajili ya jamaa wote wafugao ndege nyumbani, hasa wale wenye watoto ambao mikono yao haitulii.

Kwanza yafaa tumjue ndege mwenyewe, maana si mgeni. Wataalamu humwita Agapornis fischeri. Jina hilo alipewa mwaka 1887 na Mjerumani Anton Reichenow, kwa kumbukumbu ya Gustav Fischer, daktari na msafiri aliyefariki mwaka uliotangulia. Nyumbani kwake hasa ni kaskazini ya Tanzania, kusini na kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria, hadi Serengeti. Yaani ni ndege wa huku kwetu. Mkulima wa Usukuma amjua vizuri sana, kwani mtama na uwele vikikomaa kundi lake hushuka shambani likipiga kelele, na watoto hukesha juu ya vichuguu na majukwaa wakilitupia mawe. Hukaa katika mashimo ya miti, kama mibuyu, na mara nyingine hupanga katika viota vilivyojengwa na ndege wengine. Kila siku lazima anywe maji.

Ughaibuni sifa yake ilikuwa kubwa kuliko hapa. Watu wa Ulaya na Marekani walimpenda kwa rangi zake na kwa tabia yake ya kukaa wawili wawili, mume na mke, wakichambuana manyoya. Wakamnunua kwa maelfu. Ulipofika mwaka 1987 alikuwa ndiye kasuku wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko kasuku wengine wote duniani. Mzee wa Mabatini hakunificha kwamba naye katika ujana wake, kabla hajaajiriwa na reli, aliwatega kwa ulimbo upande wa Kwimba na kuwauza kwa wachuuzi. Alinieleza jinsi walivyosongamana katika makasha, na jinsi waliokufa walivyotupwa asubuhi kabla mnunuzi hajaja kuhesabu. Akanyamaza kidogo, akabadili mazungumzo.

Biashara hiyo ilibanwa polepole. Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992, nchi za Jumuiya ya Ulaya zikaufunga mlango kabisa mwaka 2007, na mwaka 2016 Serikali yetu ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Makisio yaliyofanywa katika miaka ya 1990 yalisema kwamba ndege hawa waliobaki porini ni baina ya 290,000 na milioni moja. Idadi hiyo yaonekana kubwa, lakini makundi yalikuwa yamekwisha kupungua sana, na hadi leo ndege huyu amewekwa katika orodha ya wale wanaokaribia kuwa hatarini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujasoma habari ya vichezeo, elewa jambo hili moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, huruhusiwi kumkamata ndege wa porini wala kumweka nyumbani pasipo kibali. Ndege wa Mabatini aliletwa na watoto wa shule akiwa amevunjika bawa. Mzee alikwenda kutoa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori, wakaja kumwona, wakaona kwamba hataruka tena, naye akapewa ruhusa ya maandishi ya kumtunza. Karatasi yenyewe imefungwa katika mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo vya wajukuu, na alinionyesha kabla sijamwomba. Ikiwa huna karatasi ya namna hiyo, basi fuga njiwa, au wale kasuku wadogo wa asili ya Australia waliozaliwa katika matundu. Hao nao watayafurahia haya nitakayoyaeleza.

Kazi ya Kutwa

Kwa nini ndege ajinyonyoe? Jibu hulipata ukimtazama mwenzake aliye huru. Kasuku wa porini huamka alfajiri, huenda kunywa, husafiri kutafuta mbegu, huzimenya moja moja, hubandua magome ya miti, hugombana, hupatana, na jua likichwa amekwisha kufanya kazi ya kutwa nzima. Huyu wa tundu huwekewa bakuli la mtama saa moja asubuhi. Saa moja na nusu amekwisha kushiba. Saa kumi na moja zinazobaki mpaka jioni azipeleke wapi? Ana mdomo uliotengenezwa kwa kupasua na kutatua, na kitu pekee kilicho karibu ni manyoya yake mwenyewe.

Jambo hili si dhana ya mzee peke yake. Katika Chuo Kikuu cha California, kule Davis, watafiti walichukua kasuku wachanga wa Amazon, wengine wakapewa vitu vya kutafuna na chakula kilichofichwa, wengine wakapewa matundu matupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba wale wa matundu matupu walijinyonyoa zaidi. Na walipopewa vitu wao nao, manyoya yao yakaanza kurudi. Habari hiyo ndiyo iliyonipa moyo wa kumwambia mzee tujaribu.

Mjukuu wake mmoja, kijana wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Tayari alikuwa na sifa mtaani kwa magari yake ya waya. Mimi nilikuwa msaidizi, na naungama kuwa msaidizi wa hovyo.

Kitu cha kwanza kilichofaulu kilikuwa gunzi la mahindi. Chukua gunzi lililokwisha kupukuchuliwa, likauke juani siku mbili tatu, kisha likate kwa msumeno vipande vya unene wa vidole viwili. Katikati ya kila kipande pana kiini laini; kitoboe kwa msumari. Vipande vitano au sita vitunge katika kamba ya katani, na baina ya kipande na kipande tia pete ya mwanzi au kigae cha kifuu cha nazi kilichosuguliwa ncha zake zisikate. Mwisho piga fundo kubwa. Urefu wote usizidi kiganja kimoja, kwa sababu kamba ndefu hujiviringisha shingoni. Mtundikie karibu na kijiti anachopenda kukaa, katika usawa wa mdomo wake. Katika vile vishimo vya gunzi ambamo punje zilikuwamo, shindilia mtama au uwele, mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha kidole, lakini mpe mtoto akufanyie, atakushukuru. Punje ambayo bakulini ingeliwa kwa nukta moja, gunzini humpa ndege shughuli ya kuning'inia kichwa chini, kuchokoa, kuangusha na kukasirika.

Jambo moja usilipuuze: gunzi lenye kuvu, hata doa dogo la kijani au jeusi, tupa. Sumukuvu huua. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sembuse ndege mwenye uzito wa gramu hamsini.

Kitu cha pili hakigharimu hata msumeno. Chukua ganda la hindi, lile la ndani lililo laini, weka punje kumi katikati, likunje kama afanyavyo muuza karanga na karatasi yake, ulifunge kwa uzi uliochanwa katika ganda hilo hilo. Usitumie uzi wa cherehani. Funga vifurushi vinne, vitatu viwe na kitu na kimoja kitupu. Mzee ndiye aliyebuni hicho kitupu, akisema kwamba hata porini si kila shimo lina chakula. Nilidhani anatania, kumbe ndege alikaa na kile kitupu muda mrefu kuliko vingine vyote.

Karatasi Mdomoni

Kitu cha tatu ni magome na karatasi, na hapa niruhusu nitoke njiani kidogo. Ndege hawa hujenga kiota kwa vipande virefu vya gome, ambavyo huvibandua kwa mdomo na kuvichukua mdomoni hadi shimoni. Ndugu yao mmoja wa Namibia na nchi za jirani, mwenye uso wa waridi, ana desturi nyingine: huchomeka vipande hivyo katika manyoya ya kiunoni na kuruka navyo. Mtaalamu William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwazalisha pamoja ndege hawa wa aina mbili, akawapa watoto wao karatasi, na mwaka 1962 akaandika aliyoyaona. Maskini watoto hawakujua wafuate ukoo wa baba au wa mama. Walikata karatasi vizuri, wakajaribu kuzichomeka kiunoni, zikaanguka, wakarudia, zikaanguka, na iliwachukua miaka kuizoea njia ya mdomo. Hata baadaye bado waligeuza shingo kidogo nyuma kabla ya kuruka, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mafunzo hayo yamesomwa vyuoni dunia nzima, na mzazi mmoja katika jaribio hilo ni ndege wa huku kwetu, wa mashamba ya mtama ya Usukuma.

Basi mpe ndege wako kazi hiyo. Matawi mabichi ya mpera, yenye unene wa kidole gumba, yaliyooshwa, yafunge pembeni ya tundu. Atayabandua gome lote kwa siku mbili. Karatasi nyeupe isiyoandikwa, ikunjwe na kupitishwa baina ya waya, ataikata vipande vilivyonyooka utadhani ametumia mkasi. Mhariri wangu asinikasirikie nikisema kwamba karatasi tupu ni bora kuliko gazeti lenye wino. Gazeti litandikwe chini ya tundu, baada ya kusomwa.

Bembea ya mwanzi na vigoda vya mafunjo ya ziwani havihitaji maelezo mengi. Kila mtoto wa Kirumba au Igogo ajua kuvitengeneza. Sahani pana yenye maji ya kina cha kidole ni mchezo pia, na katika joto la mwezi wa tisa ni mchezo unaopendwa kuliko yote.

Kosa Letu

Sasa nieleze tulipokosea. Kijana yule alitaka ndege awe na kitu cha kulia. Nyumbani mlikuwa na njuga mbili kuukuu, zile wavaazo wachezaji wa ngoma miguuni. Tukaona ni jambo zuri: kasuku wa Usukuma na njuga za Usukuma! Tukamtundikia moja. Alifurahi kwa kweli, akaipiga, akaizungusha. Asubuhi yake nilipigiwa simu niende upesi. Kidole cha ndege kilikuwa kimeingia katika ule mwanya wa njuga, ambao ni mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na kadiri alivyovuta ndivyo kilivyobanwa. Mzee alikuwa amekwisha kuikata njuga kwa koleo. Ukucha ulikuwa umeng'oka na damu ilikuwa kwenye kijiti, kwenye waya, na kwenye mikono ya kijana, ambaye hakutaka kumtazama mtu usoni.

Ndege mdogo hana damu ya kupoteza. Alinusurika kwa sababu mzee alimtia unga wa mahindi penye jeraha na kulibana kwa pamba mpaka damu ikakatika, kisha akampeleka kwa daktari. Kwa hiyo njuga usiitumie kamwe. Kengele yenye mdomo mpana yafaa, mradi ulimi wake uwe imara.

Baada ya siku hiyo tulikaa tukakagua kila kitu kimoja kimoja. Nyuzi za nyavu za nailoni, ambazo huku ziwani zimetapakaa kila mahali, ni mtego: huzunguka mguu hazionekani na hukata mpaka mfupa. Nyuzi za gunia na matambara ya kanga yaliyofumuka ni vivyo hivyo. Vifuniko vya chupa za soda vina kingo kali na rangi ibandukayo. Vipande vya makopo na mabati kutoka kwa mafundi wa Makoroboi, ambao ustadi wao nauheshimu, vimeunganishwa kwa risasi. Kasuku hulamba na kutafuna, na risasi humuua polepole. Hata waya mpya wa tundu wenye kung'aa una zinki juu yake. Mzee ameusugua wote kwa brashi ngumu na siki, akausuuza mara tatu. Na ua wa mnyaa, ule uzungukao nyumba nyingi za mkoa huu, utomvu wake ni sumu. Usikate kijiti hata kimoja cha kumpa ndege. Mnyonyo nao ni hivyo hivyo.

Jikoni nako kuna mambo mawili ambayo si vichezeo lakini siwezi kuyaacha. Parachichi huua kasuku. Na vile vikaango vya kisasa visivyoshika chakula, vikiunguzwa vikiwa vitupu motoni, hutoa hewa ambayo mtu aweza asiisikie, ilhali ndege aliye chumba hicho huanguka kutoka kijitini.

Usimpe vyote kwa siku moja. Kasuku huogopa kitu kigeni. Wa Mabatini alipoliona gunzi la kwanza alijibana pembeni akihema. Tulilitundika nje ya tundu, mbali kidogo, na kila siku tukalisogeza. Siku ya nne aliliuma. Na kila juma ondoa baadhi ya vitu na kurudisha vya zamani, naye atavipokea kama vipya. Wafugao kuku katika banda la kufungwa wajaribu kutundika kichwa cha kabichi au fungu la mchicha kwa kamba. Wataona jinsi kudonoana kunavyopungua.

Je, ndege alipona? Baada ya majuma matatu nilianza kuona vichipukizi kifuani, kama miiba ya mwembamba mweupe. Baada ya miezi miwili kifua kilikuwa cha manjano, isipokuwa mahali pamoja, upana wa senti, karibu na bega la lile bawa lililovunjika. Hapo hajapaacha. Daktari asema huenda bado pana maumivu. Mzee asema ni kwa sababu hana mwenzake, na kwamba hakuna gunzi liwezalo kumchambua ndege manyoya ya shingoni. Nafikiri mzee ndiye mwenye haki. Tumeulizia kwa maofisa kama yuko mwingine mwenye kilema kama chake, aliyeokotwa mahali fulani, ambaye aweza kuletwa wakae pamoja kwa kibali. Jibu bado.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale jioni. Kijana alikuwa anashindilia mtama gunzini, ukucha wa kidole chake umekuwa mweupe kwa kushindilia. Kundi la kasuku wa porini, kumi au kumi na watano, lilipita juu ya mawe likielekea ziwani kunywa maji, na sauti zao zikasikika kabla hatujawaona. Yule wa tundu alijinyoosha, akaita kwa nguvu mara tatu, akalitumbulia macho anga mpaka wakatoweka nyuma ya mlima. Mzee alimtazama, hakusema neno. Kisha kijana akalitundika gunzi, ndege akasogea kijitini hatua mbili, akaligeuza kichwa chini, akaanza kuchokoa.